Simu iliyo mfukoni haijui mguu wako unatua vipi

Kuna ugonjwa umeingia katika fani yetu ya kuunda programu, na leo nitausema bila kuupaka mafuta. Unachukua kihisi kidogo kilicho ndani ya simu, unakipa kazi ambayo hakiwezi, halafu unamwonyesha mteja tarakimu yenye desimali ili aamini. Nimeuona kwenye programu za usingizi, lakini mahali unapoumiza watu kwelikweli ni kwenye programu za kukimbia. Zile zinazokuambia eti "unatua kwa kisigino, badilisha", "hatua zako ni chache, fikisha 180", "mbinu yako leo ni alama 64 kwa 100".

64 ya nini? Nani aliusahihisha mtihani huo?

Hebu tuanze na chombo chenyewe. Akselerometa ya simu ni uzito mdogo sana wa silikoni ulioshikiliwa na springi za silikoni hiyo hiyo. Simu ikisukumwa, uzito unabaki nyuma kidogo, na umeme unapima umebaki nyuma kiasi gani. Basi. Inatoa namba tatu, moja kwa kila mhimili, na hata simu ikiwa imelala mezani bado inasoma karibu 9.8 kwa sababu ya mvuto wa dunia. Si kitu kipya. Nokia 5500 Sport ya mwaka 2006 ilikuwa nayo na ilihesabu hatua, iPhone ikaja nayo 2007. Jairoskopu, ile inayopima mzunguko, ni habari nyingine, na simu nyingi za bei nafuu hapa kwetu hazina kabisa. Programu ikikuambia nyonga zako zinazunguka kwa nyuzi kadhaa ilhali simu yako haina jairoskopu, jiulize nyuzi hizo zimetoka wapi.

Sasa, kitu kinachopimwa hapo ni mwendo wa SIMU. Mguu hauko kwenye hesabu. Simu iko mfukoni mwa kaptula inayopepea, pamoja na funguo na noti ya mia mbili ya nauli ya kurudi ukichoka. Kati ya wayo na simu kuna kifundo, goti, nyonga na kitambaa, na kila kimoja kinameza sehemu ya mshtuko kabla haujafika juu. Kudai unajua wayo ulivyotua kwa kusoma mtikisiko wa mfukoni ni kama kukaa kiti cha nyuma cha matatu ukadai unajua tairi la mbele limekanyaga jiwe la rangi gani.

Na zile desimali! Mkimbiaji wa kawaida huweka mguu chini kwa takriban milisekunde 200 hadi 300. Programu ikisoma kihisi mara 50 kwa sekunde, kila usomaji uko mbali na mwenzake kwa milisekunde 20. Halafu kioo kinaandika "243". Najua kuna mwenzangu atakayesema: chukua wastani wa hatua elfu moja. Sawa. Wastani unapunguza kelele za bahati nasibu, lakini hauondoi kosa linaloegemea upande mmoja kila mara. Ndiyo maana napenda sana (nasema kwa kejeli) ile ripoti ya "kushoto 48.6, kulia 51.4". Simu ilikuwa mfuko wa kulia, ndugu. Ihamishe wa kushoto kesho uone kama hujapona ghafla.

Kupima mwili unavyoruka juu na chini ndiko kugumu zaidi. Ili upate umbali kutoka kwa mchapuko lazima ujumlishe mara mbili, na kosa nalo linajumlishwa mara mbili. Kihisi kikikosea kwa 0.05 tu (mita kwa sekunde ya mraba), baada ya sekunde 10 umepotea mita 2.5, baada ya dakika moja umepotea mita 90. Mkimbiaji ameshapaa juu ya ghorofa ya ishirini. Kwa hiyo sote tunachuja, tukidhani kwamba mwili hurudi kimo kile kile kila hatua. Ni dhana inayofaa kwenye barabara tambarare. Mpe mtu anayepanda vilima vya Ngong uone.

Lakini hesabu mbovu ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni ushauri.

Chukua hii 180. Jack Daniels, kocha na mwanafisiolojia wa Marekani, alihesabu hatua za wakimbiaji kwenye Olimpiki ya Los Angeles 1984, akakuta karibu wote wanapiga 180 au zaidi kwa dakika. Hao walikuwa kwenye OLIMPIKI, jamani. Hatua kwa dakika huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka, na kila mwili una wake. Mwaka 2016 kwenye mashindano ya dunia ya kilomita 100, watafiti walipima wakimbiaji wa mbele kabisa. Wastani ulikuwa 182, lakini mmoja mmoja walianzia karibu 155 hadi 203. Wote mabingwa! Halafu karani wa Nakuru aliyetoka jioni kupunguza kitambi, dakika saba kwa kilomita, anapigiwa kelele masikioni afikishe 180. Namba iliyokuwa maelezo ya watu fulani imegeuzwa amri kwa kila mtu.

Kisigino nacho kimesingiziwa mengi. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliohusisha pia wakimbiaji wa Bonde la Ufa, ukionyesha kwamba waliozoea kukimbia pekupeku mara nyingi hutua kwa mbele ya wayo. Watu wakaruka na hitimisho: Mkenya hatui kwa kisigino, basi nawe usitue. Mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake wakatoa vipimo vya Wadaasanach 38 wa kaskazini mwa Kenya hii hii, watu waliozoea kwenda pekupeku. Kwa mwendo wa masafa marefu waliouchagua wenyewe, wengi wao walitua kwa kisigino. Utafiti huu sijauona kwenye tangazo la programu yoyote.

Na kubadilisha namna ya kutua si mchezo. Ukihamia mbele ya wayo, mzigo hautoweki. Unapungua kwenye goti na kuongezeka kwenye kifundo, kwenye msuli wa nyuma ya mguu na kano ya kisigino. Mtu wa miaka 45 akifanya hivyo kwa wiki moja kwa sababu kioo kimewaka nyekundu, atakayemwuguza si programu.

Paula Radcliffe alikimbia akitikisa kichwa kila hatua. Programu zetu zingempa alama ya huruma. Alikimbia marathoni ya London 2003 kwa saa 2:15:25, na rekodi hiyo ilikaa hadi Brigid Kosgei wetu alipoivunja Chicago mwaka 2019.

Mteja mmoja (jina lake nalihifadhi) aliwahi kutaka nimwekee hiyo "alama ya mbinu". Nikamwuliza fomyula iko wapi. Akajibu niweke yoyote, mradi ipande kidogo kila wiki ili mtumiaji aendelee kulipa. Kazi nikaiacha. Nina hakika aliipata kwa mwingine, na pengine mwingine huyo ananisoma sasa hivi. Salamu.

Kihisi chenyewe sina ugomvi nacho. Kuna kitu kimoja kinachokifanya vizuri hata kwenye simu ya bei ya chini, nacho ni kuhesabu hatua kwa dakika. Mtikisiko wa kukimbia unajirudia kama ngoma, na kutafuta mapigo yake ni hesabu rahisi isiyojali sana simu iko mfuko gani. Na hapo kuna ushauri wenye msingi: mwaka 2011 Bryan Heiderscheit na wenzake walipima wakimbiaji 45 wa kawaida, wakakuta kwamba kuongeza hatua kwa asilimia 5 hadi 10, kwa kasi ile ile, kunapunguza mzigo kwenye goti na nyonga. Asilimia ya hatua ZAKO mwenyewe. Mwenye 160 ajaribu 168, simu impigie mdundo, aone goti linasemaje.

Kwa hiyo mwenzangu, ukiunda programu ya mbio, mlinganishe mkimbiaji na jana yake. Onyesha fomyula. Usipojua, acha pengo tupu kwenye kioo. (Na tangu Android 9 ya 2018, programu iliyoachwa nyuma haipokei data ya akselerometa, kwa hiyo weka huduma ya mbele yenye notisi, la sivyo utapima kimya.)

Programu yangu ya kuhesabu hatua haifiki mistari mia moja, haihitaji intaneti na haimpi mtu alama. Anayeitaka aseme, nitamtumia.