Ombi Lililofika Lango Likifungwa

Askari wa zamu anajua kwamba hatari langoni haiji na mwenye silaha peke yake. Huweza kuja pia na mtu anayefahamika, mwenye mzigo na haraka, akiomba apitishwe kabla ya kufunga. Jambo la namna hiyo lilitokea mwaka 2024 katika kazi ya kompyuta.

Ubuntu ni mkusanyiko wa programu za kuendeshea kompyuta, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la Kibantu lenye maana ya utu. Toleo jipya hutoka kila miezi sita. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo mabadiliko hufungwa, ili yaliyomo yapimwe na makosa yasahihishwe. Atakaye kuongeza jambo jipya baada ya hapo hana budi kuomba idhini na kueleza sababu.

Kwa toleo la Aprili 2024, mabadiliko yalifungwa tarehe 29 Februari. Tarehe 28 Machi likaja ombi la mtu aliyejiita Jia Tan. Alitaka xz, programu ya kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo, iingizwe kwa toleo lake jipya la 5.6.1. Alieleza kwamba toleo hilo lilikuwa la kusahihisha makosa tu. Naye hakuwa mgeni: tangu mwaka 2021 alikuwa akiitumikia programu hiyo, hata akawa mmoja wa watunzaji wake.

Siku iliyofuata mhandisi Andres Freund alitoa tangazo la kushtusha. Alikuwa ameona kwamba kuingia katika kompyuta kutoka mbali kunachelewa kwa nusu sekunde hivi kuliko kawaida. Wengi wangalipuuza, yeye alichunguza, akakuta ndani ya xz umefichwa mlango wa siri wa kumwezesha mwenye ufunguo wake kuiamuru kompyuta ya mtu mwingine. Mzigo huo ulikwisha kupenya katika makusanyo mengine ya majaribio. Ubuntu ikaahirisha toleo lake la majaribio kutoka tarehe 4 hadi 11 Aprili, programu zikajengwa upya, na tarehe 25 toleo kamili likatoka bila mzigo ule.

Si kila ombi la dakika za mwisho ni hila. Kosa likigunduliwa siku chache kabla, ni haki kuomba lisahihishwe. Lakini mwombaji mkweli na aonyeshe mstari kwa mstari alichobadilisha, aeleze alivyokipima, wala asione uchungu akikaguliwa. Naye mlinzi wa lango, awe wa kambi, wa ghala au wa programu, na aufungue mzigo wa rafiki kama anavyoufungua wa mgeni. Jia Tan alikuwa amejulikana kwa zaidi ya miaka miwili.