Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo Naye Ana Dawati Lake

Katika mtaa wa Magarama mjini Gitega, kama ilivyo Muyinga na kwingineko nchini Burundi, si ajabu kumkuta mtoto wa umri wa shule amelazwa mkekani nyuma ya nyumba hali ndugu zake wamekwenda kusoma. Miguu yake imekakamaa, shingo haitulii, na maneno yake hayasikiki vizuri. Aghalabu wazazi wake hawamchukii. Hudhani tu kwamba asiyeweza kushika kijiko hawezi kushika somo. Dhana hiyo ndiyo imnyimayo mtoto elimu, nayo yafaa ichunguzwe.

Hali hiyo huitwa mtindio wa ubongo. Ni hitilafu ya mwendo na mkao wa mwili iletwayo na kuumia kwa ubongo ambao bado unakua: kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo ya maisha. Wako watoto ambao misuli yao hukaza, nao ndio wengi; wako ambao viungo vyao hujipinda bila wao kutaka; na wako ambao huyumba wakitembea. Jeraha la ubongo haliongezeki, lakini viungo visiponyooshwa huzidi kukaza kadiri mtoto akuavyo. Hali hii haiambukizi. Si laana, wala si adhabu ya kosa la mama.

Sababu zake ni nyingi. Miongoni mwazo ni kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo, na malaria inayopanda kichwani. Uchunguzi uliofanywa Iganga na Mayuge, mashariki ya Uganda, na kutangazwa mwaka 2017, uliwapitia watoto zaidi ya 31,000. Ulikuta kwamba karibu watoto watatu katika kila elfu moja wana hali hii. Kiasi cha robo yao waliipata baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, hasa kutokana na malaria kali. Kwa hiyo homa yenye degedege haifai kungojewa hadi kupambazuke. Serikali ya Burundi iliondoa malipo ya uzazi na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano mwaka 2006, ili mzazi asikawie kwa kukosa fedha.

Je, akili ya mtoto huyu ikoje? Katika nchi ambazo hesabu zake zimewekwa kwa makini, mtoto mmoja kati ya wanne wenye mtindio wa ubongo hawezi kusema. Lakini karibu nusu ya watoto wote wa namna hii hawana upungufu wa akili. Ulimi uliofungwa, basi, si dalili ya kichwa kitupu. Christy Brown, aliyezaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1932, alidhaniwa na wengi kuwa hana akili. Mama yake hakukubali. Alimfundisha herufi nyumbani, naye akaandika kwa mguu wa kushoto, kiungo pekee kilichomtii. Mwaka 1954 kitabu chake cha kwanza kilichapishwa.

Mwalimu mwenye darasa lililojaa anaweza kufanya mengi bila gharama kubwa. Kwanza ni mkao. Mtoto aketi makalio yakiwa nyuma kabisa ya kiti, nyayo zake zikifika chini au zikiwekewa kibao, na meza iwe kimo cha viwiko. Asiyeweza kujizuia hufungwa mkanda laini wa kitambaa kiunoni. Mtoto anayehangaika asianguke hana nafasi ya kusikiliza somo.

Pili ni mkono. Kalamu ikizungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli huwa nene, ikashikika. Daftari likibanwa mezani halitelezi. Asiyeweza kuandika aulizwe kwa mdomo. Asiyeweza kusema aonyeshe kwa kidole au kwa macho jibu lililoandikwa ubaoni.

Tatu, nalo ndilo kubwa, ni muda. Jibu la mtoto huyu huchelewa njiani kati ya ubongo na kinywa. Mwalimu akiuliza kisha akampita upesi, amempima mkono na ulimi, hakumpima akili. Heri maswali matano yajibiwe yote kuliko kumi yaachwe nusu.

Wako pia walio akili nzito kweli, na hao nao wana haki ya kufundishwa kwa kiasi chao. Wengine wana kifafa. Akianguka, alazwe ubavu na vitu vigumu viondolewe karibu naye. Asitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani. Kifafa kikizidi dakika tano, apelekwe hospitali.

Kwa familia za askari na polisi kuna jambo jingine. Baba akihamishwa kituo, mtoto huanza upya kwa mwalimu asiyemjua. Yafaa wazazi waandike katika daftari moja jinsi mtoto anavyoketi, anavyokula, ishara yake ya ndiyo na ya hapana, na dawa anazotumia. Daftari hilo lifunguliwe mbele ya mwalimu mpya siku ya kwanza. Mazoezi ya kunyoosha viungo yasiachiwe mama peke yake. Baba arudipo kazini naye ayajue. Gitega kipo kituo cha taifa cha vifaa vya viungo na mazoezi, na Bujumbura ipo taasisi ya Saint Kizito inayowahudumia watoto wenye ulemavu wa viungo. Anayedai malipo kwa ahadi ya kuuondoa mtindio wa ubongo kabisa asisadikiwe, kwani tiba hiyo haijapatikana.

Burundi iliridhia mwaka 2014 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na Januari 2018 ikatunga sheria yake yenyewe ya kuzilinda haki hizo. Lakini sheria haimbebi mtoto kumpeleka shuleni. Hapana budi mzazi amwandikishe kwa umri wake kama nduguze, na mwalimu ampe kiti kinachomfaa. Kisha aulizwe swali, na jibu lake lingojewe.