Mulima ukianguka mutoni, samaki anakimbilia wapi?

Mvua ikianza Masisi, tunahesabu nyumba, mashamba na watu. Ni haki. Siku ya Mungu tarehe 2 aprili 2023, mulima ulianguka Bolowa na kuua watu zaidi ya 20. Mwezi uliofuata, kule Kalehe, maji yaliua zaidi ya 400 Bushushu na Nyamukubi. Mbele ya vilio kama hivyo, nani atauliza habari ya samaki? Sisi tunauliza, juu samaki wa muto njo nyama ya mutu asiyekuwa na mbuzi, na wakimbizi wetu wengi hawana hata kuku.

Tuseme wazi: maporomoko si kitu kipya. Milima hii ilikuwa ikianguka tangu zamani za mababu, na samaki wakabaki. Udongo ukiingia mutoni, matope yanaziba mashavu ya samaki, yanafunika mawe na changarawe wanamotaga mayai, vidudu vya maji wanavyokula vinakufa. Muto unaonekana kama umekwisha. Lakini wale walioponea katika vijito vya pembeni, kwenye maji safi, wanarudi kidogo kidogo wakati matope yanapooshwa. Hata mafuriko yana faida yake: yanasukuma muchanga, yanachimba mashimo mapya, yanaangusha miti ambamo vitoto vya samaki vinajificha.

Basi, shida iko kwa vile vijito. Kimoja tunatia sumu ya majani ili kukusanya kambale wa siku moja. Kingine kinabeba matope ya koltani upande wa Rubaya, ao ya kasiterite na dhahabu huko Walikale. Hapo mulima hauanguki mara moja kwa miaka, unaanguka kila asubuhi, kwa mikono yetu. Cha tatu kimelimwa mpaka kwenye maji. Halafu mvua kubwa inakuja, samaki anakimbia, anakuta kila mulango umefungwa. Tunasema mvua njo imemumaliza.

Mutu wa Masisi asifikiri Walikale ni mbali. Osso inatoka kwenye milima inayopita metre 2000, inashuka porini, inaungana na Lowa, na Lowa inaenda mpaka Lualaba. Matope ya juu ni njaa ya chini.

Wengine wanashauri tuchimbe mabwawa ya tilapia. Vizuri. Lakini bwawa ni la mwenye shamba, muto ni wa wote.

Sisi tunaomba kitu kidogo: kila gurupema ichague vijito viwili vinavyoingia katika muto mukubwa. Pale hapana kutia sumu, hapana kuosha madini, hapana kukata miti ya kando. Hiyo haiombi pesa ya Kinshasa. Mutatuambia kuko vita, na penye bunduki neno la mwami halisikiki kama zamani. Ni kweli. Lakini kijito kina walinzi wengine: wamama wanaoteka maji pale kila siku. Sumu ya samaki inaingia katika bidoni zao.

Vichaguliwe wakati wa kiangazi, mbele mvua za mwezi wa tisa hazijaanza. Maji yakiwa ya kidogo, kila mutu anaona wapi samaki wamejificha.