Machale si Tahadhari

Wako walimu ambao, waonapo katika insha ya mwanafunzi maneno "machale yalimcheza," huyakata kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "alichukua tahadhari." Hudai kuwa usemi wa kwanza ni wa mitaani, wa pili ni wa vitabuni, na maana ni moja. Dai hilo si kweli, na madhara yake si madogo.

Chale ni mikato ambayo mganga huichanja mwilini na kuipaka dawa ya kinga. Nayo huaminiwa kuwa hucheza hatari ikaribiapo. Ndiyo maana katika sentensi machale ndiyo yatendayo, na mtu ndiye atendwaye. Tahadhari huchukuliwa na mtu kwa sababu awezayo kuieleza. Machale humcheza bila ya kumpa sababu yoyote.

Katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama tofauti hiyo ni ya uhai. Kufunga matimba katika duara ni tahadhari. Lakini mchimbaji asitaye mdomoni mwa shimo, asijue ni kitu gani kilichomshitua, machale yamemcheza. Wala mwenziwe mwenye busara hamdai ushahidi. Mwaka 2015, huko Nyangalata, wilaya ya Kahama, duara lilititia, na wachimbaji watano wakaokolewa baada ya siku 41. Ardhi ya namna hiyo yahitaji maneno yote mawili.

Walakini mwamba haudhulumiwi kwa kushukiwa; jirani hudhulumiwa. Katika nchi hiyo hiyo ya Shinyanga na Geita vikongwe wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho yao, yaliyotiwa wekundu na moshi wa jikoni, yakahesabiwa kuwa dalili. Asemaye kuwa machale yamcheza juu ya bibi wa nyumba ya pili hakueleza jambo lolote la bibi huyo. Ameeleza hofu yake mwenyewe.

Basi mwalimu afundishaye kuwa maneno haya ni mamoja amfundisha mwanafunzi kudhani kuwa mwenye hofu anayo hoja. Heri amwachie neno lake na kumwonyesha mpaka wake: machale yatosha kumtoa mtu shimoni, hayatoshi kumtia mtu hatiani.