Kilichofichwa Si Kilichopotea

Je, umewahi kuchomeka flashi kwenye kompyuta ukakuta picha ulizozihifadhi jana hazipo?

Hayo yalimpata mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba. Picha za mazishi ya mumewe zilikuwa kwenye flashi hiyo pekee. Mwanawe alienda nayo saiba kuchapisha kazi ya chuo. Iliporudi, kila folda ilikuwa imegeuka kijialama chenye mshale. Fundi wa mtaani akamwambia, "Mathe, hii imeingiwa na virusi. Wacha nii-fomati." Mama akasita, akaniletea huku machozi yakimlengalenga.

Heri alisita! Haraka haraka haina baraka. Nilipoichomeka kwenye kompyuta yangu inayotumia Linux, picha zote zikajitokeza, hata moja haikupungua.

Usidhani ni uganga. Windows huficha faili kwa kuibandika alama maalumu, desturi iliyorithiwa kutoka DOS ya miaka ya 1980. Virusi hivi huzibandika folda zako alama hiyo, kisha huweka mahali pake njia ya mkato. Ukiibonyeza, unaviamsha na kuvieneza. Linux, kwa kawaida, haijali alama hiyo. Yenyewe huficha faili ambazo majina yake huanza kwa nukta, na faili hizo Windows huzionyesha waziwazi. Kila mmoja na pazia lake!

Basi yakikufika, fanya hivi. Usibonyeze chochote ndani ya flashi, wala usikubali i-fomatiwe. Ukiwa na rafiki mwenye Linux, mwombe aifungue. Akibonyeza Ctrl na H ataona hata zile za nukta. Kwenye Mac, bonyeza Command, Shift na nukta. Kama una Windows tu, tafuta cmd, uifungue, kisha uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Herufi E ni mfano. Weka ile ya flashi yako, na uhakikishe si C, maana huko Windows huficha faili zake yenyewe na si vizuri kuzichokora. Nakili picha zako mahali pawili, ondoa virusi kwa programu ya kinga, na hapo ndipo unaweza ku-fomati.

Lakini kumbuka, pazia si kufuli. Ewe mwanafunzi uliyeficha nakala ya kitambulisho au siri zako kwenye flashi, yeyote atakayeiokota ataziona kwa vidole viwili tu. La siri lifunge kwa nywila, usilifiche tu.

Yule mama? Siku hizi ana nakala mbili, moja kwake na nyingine kwa dadake. Nawe je, za kwako ziko wapi?

Tukutane Jumapili ijayo.