Beleshi ya bei chini ndiyo inatugharimu zaidi



Mvua ya msimu A kwetu inaanza katikati ya mwezi wa tisa. Mbele ya hapo, mwezi wa saba na wa nane, komite nyingi za Kabare, Walungu na Kalehe zinatuma watu Bukavu kununua vyombo vya kupanda miti. Wengi wanafika soko ya Nyawera, wanazunguka asubuhi moja, na swali lao ni moja tu: «Mama, ya bei chini ni ipi?» Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo linatuharibia msimu.

Tufanye hesabu kidogo. Hekta moja ya miti, ukiacha mita 2.5 kila upande, inaomba mashimo 1600. Shimo zuri la mti wa kawaida ni sentimita 40 urefu, 40 upana na 40 kwenda chini. Shimo moja kama hilo linatoa lita 64 za udongo. Zidisha mara 1600: ni zaidi ya mita za ujazo 100, yaani kama lori kumi kubwa zilizojaa. Udongo wote huo unanyanyuliwa na mikono ya watu, sana sana mikono ya wamama. Sasa uwape beleshi (wengi wetu tunaita peli) ya bati jepesi ambayo inakunjika siku ya tatu. Kazi inasimama, watu wanangojea, na mvua haingojei mtu.

Tena kuchelewa si jambo dogo. Mche uliopandwa mwezi wa kumi unapata karibu miezi saba ya mvua kabla ya kiangazi cha mwezi wa sita. Mizizi yake inakuwa imeshashuka. Ule uliopandwa mwezi wa nne unapata mwezi mmoja au miwili tu, kisha jua linaumaliza. Kwa hiyo chombo kinachovunjika mwezi wa kumi kinaua miti mwezi wa nane. Hatuoni uhusiano wake, tunasema «miche ilikuwa mibaya». Mara nyingi miche haina kosa.

Na sisi tunajua kwa nini tunapanda. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, kule Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, mvua ilishusha maji, matope na mawe juu ya watu, na zaidi ya 400 wakafa. Miti peke yake haizuii kila msiba wa namna ile. Lakini mlima usio na miti wala mitaro unaachilia udongo wake haraka, na kila mkulima wa milima yetu ameona shamba lake likiteremka kidogo kidogo hadi mtoni.

Basi tuchague namna gani?

Kwanza, tujiulize kama beleshi ndiyo tunahitaji. Kwenye mteremko, katika udongo mwekundu na mgumu ule Washi wanauita kalongo, jembe ndilo linachimba. Penye mawe, ni piki. Beleshi inafaa kutoa udongo uliolegezwa, kusafisha mitaro ya kuzuia mmomonyoko, kuchanganya udongo na samadi kwenye pepinyeri, na kujaza vifuko. Nimeona orodha za koperative zenye beleshi thelathini na majembe matano. Orodha ya namna hiyo inafanana na ya fundi wa nyumba. Kama ni kupanda miti mlimani, igeuzeni.

Pili, umbo. Beleshi ya mdomo wa bapa ni ya mchanga na simenti. Ya kuingia katika udongo ni ile yenye ncha ya mviringo. Tazama pia sehemu ya juu ambapo mguu unakanyagia: ikiwa ni ukingo mkali usiokunjwa, itakata mguu wa mtu aliyevaa sandali, na wengi wetu ndivyo tunavaa.

Tatu, nguvu. Mbele ya kulipa, jaribu hapo hapo dukani. Shika beleshi, weka ncha chini, sukuma kwa uzito wa mwili. Chuma kizuri kinainama kidogo na kurudi; kibaya kinabaki kimepinda. Kigonge kwa jiwe: kizuri kinalia kama kengele, kibaya kinatoa sauti ya kopo. Kisha angalia shingo, pale chuma kinaposhika mpini, maana beleshi nyingi zinavunjikia hapo. Shingo iwe ndefu, iwe imefungwa kuzunguka mti, na ishikwe na misumari miwili ya kupigwa pande zote mbili. Rangi isikudanganye. Rangi nzito inaficha nyufa na chuma chembamba. Mwenye duka akikataza kujaribu, mwambie asante, endelea mbele.

Nne, mpini. Hapa tunatupa feza bure. Mipini mingi ya dukani ni mti mubichi. Ukikauka unalegea, kichwa kinatoka. Nunueni vichwa peke yake, mipini tutengeneze wenyewe. Mikaratusi tuko nayo. Kateni sasa, katika kiangazi, mti ulionyooka usio na fundo, uukaushe kivulini wiki nyingi, uulainishe, uupake mafuta. Na urefu uwe wa mtu atakayeutumia. Mama mfupi akipewa mpini wa mwanaume mrefu, mgongo wake ndio unalipa.

Tusisahau pia mafundi wetu wa chuma. Fundi anayejua kazi anaweza kufua jembe kutoka springi ya gari lililokufa. Chuma cha springi ni kigumu kuliko bati la kukunjwa kiwandani, na likiisha makali, fundi yuko karibu analirudishia. Ile ya dukani ikipasuka, nani ataitengeneza?

Sasa vifuko na mifuko, maana vinasahauliwa.

Kifuko cha pepinyeri, ile sashe nyeusi, kiwe kizito kiasi cha kubebwa kikijaa bila kupasuka, na kiwe na matundu chini ili maji yatoke. Cheusi ni bora kuliko cheupe, kwa sababu mizizi haipendi mwanga. Siku ya kupanda, kitolewe. Ninasema tena: kitolewe! Mti uliozikwa na plastiki yake unazungusha mizizi ndani kama nyoka ndani ya chupa, na upepo wa kwanza unaulaza. Vikusanyeni, msiviache shambani. Anayetaka kupunguza plastiki anaweza kutumia maganda ya shina la mgomba yaliyokunjwa, ila asichukue kwenye mgomba wenye mnyauko, wala asikate kwa panga ambalo halikupitishwa motoni.

Kwa kubeba miche, mifuko ya mchele ya plastiki iliyofumwa ni rahisi kupata, lakini jua linaila. Ikikaa nje kiangazi kimoja inaanza kutoa nyuzi na kupasuka mabegani. Tena ndani yake miche inalaliana. Mche mmoja wenye udongo wake unaweza kuwa na uzito wa zaidi ya nusu kilo, hivyo hamsini tu ni mzigo wa mtu mzima. Kitunga kigumu, miche ikisimama, ni bora. Kwa miche isiyo na udongo, gunia la katani au la juti, kama yale ya kahawa, likiloweshwa linatunza mizizi vizuri njiani.

Ninajua jibu: «Agronomu, feza haiko.» Ni kweli, haiko nyingi. Tuseme, kwa mfano tu, beleshi dhaifu ni dola 5 na imara ni dola 12. Dhaifu ikimaliza msimu mmoja na imara ikimaliza misimu minne, hesabu iko wazi: dola 20 kwa 12. Tena katika salongo hakuna haja kila mtu awe na chombo chake. Gawanyeni watu watatu watatu: mmoja jembe, mmoja beleshi, mmoja kitunga na miche, mkibadilishana. Watu thelathini wanatosheka na beleshi kumi nzuri.

Na miradi nayo ina sehemu yake. Inapohesabu vyombo vilivyogawanywa bila kuuliza vingapi bado vinafanya kazi mwaka wa pili, inawapa wauzaji sababu ya kuleta bati. Koperative iko na haki ya kuomba mfano mmoja, kuujaribu shambani wiki moja, na kukataa. Kukataa chombo kibaya si kukosa shukrani.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mwezi huu, kila komite ichague watu watatu wa kwenda kununua, wawili kati yao wawe wamama wanaochimba. Vyombo viandikwe katika daftari, vioshwe na kupakwa mafuta jioni, vilale ndani. Mkirudi kutoka Nyawera na vyombo vichache kuliko vya mwaka jana, wanachama wasigombe. Wangojee mwezi wa kumi na moja, ndipo wahesabu mashimo.