Ng'ombe Hali Urefu



Leo naomba tuambiane ukweli. Simu ninazopigiwa siku hizi zinafanana: "Afisa, Juncao napata wapi?" "Ile Super Napier ya Thailand ni kweli inapita mita tatu?" Ndiyo, inapita. Pakchong 1 ni chotara wa mabingobingo na uwele, na Juncao imetoka China. Ni majani mazuri. Ila ng'ombe hali urefu.

Juzi hapa Mbweni kijana mmoja aliniita. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, na mabingobingo yake yamempita kichwa mbali. Kabla hata hatujasalimiana vizuri ananionyesha picha alizopiga. Maziwa lakini yanashuka, analaumu pumba. Nikaangalia horini: majani yameliwa, mashina yamebaki, magumu kama mianzi. Jasho lake lote limeishia kuwa takataka.

Mabingobingo yakizeeka, protini inashuka na nyuzi zinakuwa ngumu. Protini ikipungua chini ya asilimia 7, hata wale vijidudu wanaosaga chakula tumboni mwa ng'ombe wanakosa nguvu ya kufanya kazi. Ng'ombe anashiba, ndoo haijai. Sasa unakimbilia mashudu kuziba pengo, na faida yote inaishia dukani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kabla ya kununua mbegu mpya, rekebisha panga na samadi. Mkato wa kwanza uwe miezi 3 hadi 4 baada ya kupanda, majani yakiwa na urefu wa kama mita 1. Baada ya hapo kata kila wiki 6 hadi 8. Wakati wa kiangazi yanakua taratibu, basi usifuate kalenda, fuata urefu: yakikufika kati ya kiuno na kifua, kata. Acha kisiki cha kama sentimita 10 ili yachipue vizuri. Ukishakata, rudisha samadi. Kila guta la majani linalotoka shambani linaondoka na rutuba, na mchanga wetu wa pwani hauna akiba ya kutosha.

Najua utaniambia, "Nikikata mapema napata mzigo mdogo." Kweli, mkato mmoja ni mdogo. Lakini unakata mara nyingi zaidi kwa mwaka, na unachokata kinaliwa chote, hasa ukikikatakata vipande vidogo.

Kama unaanza upya, kwa mchanga huu mimi napendelea tumbukiza. Chimba shimo la sentimita 60 upana na kina hivyo hivyo, changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi, kisha panda vipando 5 hadi 10. Kila kipando kiwe na vifundo 3, viwili vikae chini ya udongo. Panda mvua za vuli au masika zikianza. Epuka sehemu yenye maji ya chumvi au panapotuama maji. Na vipando chukua kwenye shamba lenye afya. Mashina yaliyodumaa na kuwa na rangi ya njano yanaweza kukuletea ugonjwa.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu majani ya bure yanaisha. Wengi wetu tulizoea kukata kwenye viwanja vya watu ambavyo havijajengwa. Kila ukuta mpya unaopanda huku kwetu ni malisho yaliyokwenda. Na ng'ombe mmoja wa maziwa anahitaji kama kilo 70 za majani mabichi kwa siku. Fanya hesabu yako. Kama eneo lako halitoshi ng'ombe wawili, usilete wa tatu kwa kutegemea kiwanja cha jirani. Bora mmoja anayekamuliwa vizuri kuliko watatu wenye mbavu nje.

Jioni ya leo ingia shambani na panga. Shika shina, lipinde kwa mkono. Likigoma kupinda, umechelewa: kata lote, weka samadi, anza kuhesabu upya. Mbegu ya Thailand tutaiongelea baadaye.

Kazi njema.